Nyaraka za Lakilaki: tathmini ya hazina ya bure inayofundisha jeshi ni la nani

Jeshi la nchi lipo kwa ajili ya nani? Askari atii mpaka wapi? Kamanda anabeba mzigo gani vijana wake wakiua raia? Maswali haya kwa kawaida hujibiwa kwa hotuba. Arusha kuna majibu yaliyopatikana kwa ushahidi, yenye tarehe na namba za aya, na kuyasoma hakulipiwi hata senti. Yamehifadhiwa Lakilaki, wilayani Arumeru, Barabara ya Haki, kwenye kumbukumbu za iliyokuwa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda.

Huduma hii tunaipima hapa kwa faida ya walimu wa uraia na historia, wanafunzi wa sheria, wakufunzi wa mgambo, vijana wanaojiandaa kwenda kambi ya JKT Oljoro au chuo cha kijeshi Monduli, na yeyote anayetaka kuelewa jambo hili kwa undani. Tuseme mapema: yaliyomo ndani hayana mfano Afrika Mashariki. Njia ya kuyafikia inahitaji uvumilivu na maandalizi. Na kwa msomaji wa Kiswahili asiyejua Kiingereza wala Kifaransa, mlango umerudishiwa, na hilo ni kosa linalopaswa kusemwa waziwazi.

Kilichomo

Mahakama hiyo iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa azimio namba 955 la tarehe 8 Novemba 1994, na azimio namba 977 la Februari 1995 likaiweka Arusha. Ilikaa AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa mjini Arusha, mpaka ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Ilishtaki watu 93. Kati yao 62 walipewa adhabu na 14 wakaachiwa huru, waliobaki wakahamishiwa mahakama za nchi, wakafariki, wakafutiwa mashtaka au wakawa bado wanatafutwa. Chombo kilichorithi kazi yake, IRMCT, kilianza Arusha tarehe 1 Julai 2012, na mwaka 2016 kikahamia majengo yake mapya Lakilaki, kwenye ardhi iliyotolewa na Tanzania. Ukienda, taja Lakilaki. Dereva ukimwambia tu "mahakama ya Rwanda" anaweza kukushusha AICC, kwa kuwa ndiko watu walikoizoea kwa miaka ishirini.

Washtakiwa walikuwa mawaziri, mameya, wafanyabiashara, watangazaji na viongozi wa dini. Kwa mada yetu, mafaili ya wanajeshi ndiyo yenye uzito, na sababu yake ni ya kiutendaji kabisa. Jeshi huacha alama. Lina vyeo, mlolongo wa amri, redio, magari ya kusainiwa, ghala la silaha lenye mwenye ufunguo. Raia akiua na kundi la mtaani, ni vigumu kujua nani alimtuma. Kombania ikitoka kambini ikiwa na silaha, kuna mtu aliyeiruhusu itoke, au kuna mtu aliyejua imetoka akanyamaza. Kesi zile zilimtafuta mtu huyo.

Milango miwili

Mlango wa kwanza ni intaneti. IRMCT ina kanzidata ya pamoja ya kumbukumbu za mahakama, UCR kwa kifupi, ambamo nyaraka za wazi zinasomwa na kupakuliwa bila malipo: hati za mashtaka, maamuzi, mwenendo wa kesi, vielelezo, hukumu. Kuna kanzidata nyingine ndogo ya sheria iliyotokana na maamuzi ya rufaa, imepangwa kwa mada. Hiyo inamfaa zaidi wakili na mwanafunzi wa sheria.

Mlango wa pili ni kufika mwenyewe. Usiende kama unavyokwenda maktaba ya mkoa. Hapo ni eneo la Umoja wa Mataifa lenye ulinzi. Andika barua pepe kwanza, eleza wewe ni nani, unatafuta nini na mnakuja wangapi, subiri uthibitisho, kisha beba kitambulisho. Kosa la kawaida ni kuomba "taarifa za jeshi la Rwanda". Ombi la namna hiyo halimsaidii mtunza kumbukumbu kwa sababu linagusa maelfu ya nyaraka. Omba kwa namba ya kesi na aina ya waraka, na hapo mkutubi ana pa kuanzia.

Namba za kesi ndizo ufunguo wa milango yote miwili. ICTR-98-41 ni kesi ya Bagosora na wenzake, maarufu kama Kesi ya Kwanza ya Wanajeshi. ICTR-00-56 ni ya pili, ya Ndindiliyimana, Bizimungu na wenzao. ICTR-96-4 ni ya Akayesu, meya wa Taba, ambaye hukumu yake ya tarehe 2 Septemba 1998 ilikuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Herufi inayofuata namba ina maana: I ni hati ya mashtaka, T ni kesi ya awali, A ni rufaa. Ukipakua waraka wenye T peke yake, umesoma nusu ya habari.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na makala nyingi za mitandaoni zimeanguka hapo. Bagosora alihukumiwa kifungo cha maisha tarehe 18 Desemba 2008. Tarehe 14 Desemba 2011 rufaa ilifuta sehemu ya makosa, ikapunguza adhabu kuwa miaka 35. Nsengiyumva, mshtakiwa mwenzake, naye alitoka kifungo cha maisha hadi miaka 15. Jenerali Ndindiliyimana alitiwa hatiani mwaka 2011, na mwaka 2014 rufaa ikamwachia huru. Mwalimu anayefundisha kwa hukumu ya awali bila ya rufaa anawafundisha wanafunzi kitu ambacho mahakama yenyewe imekifuta.

Mtego wa pili ni tarehe. Hukumu ya Bagosora ilisomwa Desemba 2008, lakini maandishi yake kamili yaliwekwa mahakamani tarehe 9 Februari 2009. Ukichuja kwa Desemba 2008 pekee unaweza kuondoka na muhtasari ukadhani ndiyo hukumu nzima. Mtego wa tatu ni majina. Kuna Augustin Bizimungu, mkuu wa majeshi. Augustin Bizimana, waziri wa ulinzi. Augustin Ndindiliyimana, mkuu wa jandarmeri, yaani polisi wa kijeshi. Na Casimir Bizimungu, waziri wa afya aliyeachiwa huru. Ukitafuta "Augustin" peke yake utachanganya watu watatu. Tafuta kwa namba, kisha hakikisha cheo.

Nyaraka za miaka ya 1990 nyingi ni picha za karatasi, hivyo kutafuta neno ndani ya faili hakufanyi kazi. Lazima ufunue ukurasa kwa ukurasa. Na mafaili ni mazito. Hukumu kubwa ina mamia ya kurasa, kwa hiyo pakua mahali penye Wi-Fi, usimalize bando la simu kwa waraka mmoja.

Uanzie wapi

Anza na ICTR-98-41. Washtakiwa ni wanne: Kanali Théoneste Bagosora, mkurugenzi wa ofisi ya waziri wa ulinzi, Brigedia Jenerali Gratien Kabiligi, mkuu wa operesheni makao makuu ya jeshi, Meja Aloys Ntabakuze, kamanda wa batalioni ya makomandoo wa miavuli, na Luteni Kanali Anatole Nsengiyumva, kamanda wa eneo la Gisenyi. Kesi ilichukua siku 408 za kusikilizwa. Mashahidi walikuwa 242, kati yao 82 wa upande wa mashtaka na 160 wa utetezi. Vielelezo vilikaribia 1,600 na mwenendo ulizidi kurasa 30,000. Usijaribu kusoma vyote. Soma muhtasari uliosomwa mahakamani, kisha sehemu ya hukumu inayohusu tarehe 6 hadi 9 Aprili 1994, kisha hukumu ya rufaa.

Siku hizo nne zinastahili muda wako wote. Usiku wa tarehe 6 ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa, na mkuu wa majeshi wa wakati huo, kabla ya Bizimungu, alikuwa ndani yake. Waziri wa ulinzi alikuwa Cameroon. Jeshi likabaki bila wakubwa wake wawili kwa wakati mmoja. Serikali hata hivyo ilikuwa na mkuu: Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana. Jeshi linalojua ni la nani lingemwendea yeye usiku uleule, limlinde, limfikishe redioni azungumze na wananchi. Asubuhi ya tarehe 7 askari walimuua. Wanajeshi kumi wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, waliokuwa wakimlinda, walinyang'anywa silaha, wakapelekwa Kambi ya Kigali, wakauawa humo, ndani ya kambi ya jeshi la nchi.

Ukisoma sehemu hiyo polepole utaona jambo ambalo hotuba za gwaride haziligusi. Jeshi halikuasi kwa fujo na ulevi. Makamanda walikuwepo, vikao vya maofisa vilifanyika, redio zilifanya kazi. Nidhamu ilikuwepo, ila ilikuwa imekatwa kutoka kwa raia na kutoka kwa serikali halali, ikafungwa kwa kikundi cha watu. Ndiyo maana hatuwezi kukubali kauli kwamba jeshi zuri ni lile lenye nidhamu, ikaishia hapo. Nidhamu ni chombo. Faili hili linaonyesha kilichotokea chombo hicho kilipomtumikia mtu asiyestahili.

Mafiga matatu

Kwa mkufunzi, sehemu yenye faida kubwa kuliko zote ni namna mahakama ilivyotumia kifungu cha 6(3) cha sheria yake anzilishi, kinachohusu uwajibikaji wa mkubwa kwa matendo ya walio chini yake. Kinasimama kwa mafiga matatu, na likikosekana moja chungu hakikai. La kwanza: mkubwa awe na udhibiti halisi juu ya waliotenda, yaani uwezo wa kweli wa kuzuia au kuadhibu. La pili: alijua, au alikuwa na sababu ya kujua. La tatu: hakuchukua hatua za lazima na za busara kuzuia, au kuadhibu baada ya tendo.

Kesi hii ina mfano wa kila figa. Kabiligi alikuwa na cheo kikubwa kuliko Ntabakuze, tena mkuu wa operesheni, lakini aliachiwa huru. Haikuthibitika kuwa nafasi yake katika makao makuu ilimpa mamlaka ya kuamuru vikosi, na utetezi wake kwamba hakuwepo nchini siku za mwanzo ulisimama. Cheo begani, basi, si sawa na kamandi. Kijana wa chuo cha kijeshi akishika hilo tu, ameshapata faida ya safari.

Ntabakuze alikuwa meja tu, lakini batalioni ilikuwa yake. Tarehe 11 Aprili wanajeshi wa Ubelgiji walipoondoka shule ya ufundi ya ETO, Kigali, watu wapatao 2,000 waliokimbilia hapo waliachwa wazi. Wengi wao waliswagwa hadi kilima cha Nyanza wakauawa, na askari wa makomandoo wa miavuli walishiriki. Mahakama iliona kwamba operesheni iliyopangwa namna ile haikuweza kufanywa na vijana wake pasipo yeye kujua. Rufaa, tarehe 8 Mei 2012, iliondoa baadhi ya makosa mengine na kupunguza adhabu hadi miaka 35, lakini Nyanza ikabaki.

Figa la tatu ni la Bagosora. Rufaa ilikataa kwamba imethibitika aliamuru mauaji ya kwenye vizuizi vya barabarani Kigali. Ikabakiza kwamba, kwa siku zile ambazo hakukuwa na mwingine juu yake wizarani, alikuwa mkubwa wa waliotenda na hakuzuia. Miaka 35 kwa kutozuia. Mfano huu unafaa kupewa nafasi ya kwanza katika somo lolote la uongozi wa kijeshi, kwa sababu unafuta ule utetezi wa "mimi sikutoa amri".

Na upande wa askari wa chini? Soma kifungu cha 6(4), mistari michache tu: kutii amri ya serikali au ya mkubwa hakumwondolei mtu hatia, ila kunaweza kumpunguzia adhabu. Kiweke kando ya Sheria yetu ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966, ambayo kosa lake ni kutotii amri halali. Neno "halali" huwa linapita haraka kwenye kwata. Mafaili ya Lakilaki yanalipa uzito wake.

Wakati uleule, jijini Kigali, Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi wa Umoja wa Mataifa asiye na silaha, aliwaficha watoto wa waziri mkuu aliyeuawa na kuendelea kupitisha watu vizuizini kwa ushawishi wake tu, mpaka kombora lilipomuua tarehe 31 Mei 1994. Soma habari zake sambamba na za ETO. Batalioni nzima zilikuwa na bunduki.

Kufundishia

Kwa darasa la watu 15 hadi 20, saa tatu zinatosha, mradi maandalizi yafanyike wiki moja kabla. Chapa muhtasari wa hukumu ya ICTR-98-41 nakala tano, nakala moja kwa kikundi cha watu wanne. Chapa vifungu vya 6(3) na 6(4) kila mtu na wake. Ni nusu ukurasa. Usichape hukumu kamili. Saa ya kwanza ni kusoma na kuandika nani alikuwa wapi tarehe 6 hadi 9 Aprili. Saa ya pili kila kikundi kinapewa mshtakiwa mmoja na kuamua, figa kwa figa, kabla ya kuambiwa mahakama ilisemaje. Kikundi cha tano kinashika kifungu cha 6(4) na kuhoji wengine. Saa ya tatu ni kulinganisha na rufaa.

Kinachoharibu somo hili ni mambo mawili. La kwanza ni kuanza na picha za maiti. Wanafunzi hunyamaza, wanaumia, na hakuna anayefikiri tena juu ya kamandi. La pili ni mwalimu kugeuza somo kuwa la makabila. Kikundi kikishaanza kubishana nani Mhutu nani Mtutsi, rudisha swali kwenye ghala la silaha: nani alikuwa na ufunguo, na aliruhusu nani?

Swali hilo la ghala lina sehemu yake kwenye hukumu, na mkufunzi wa mgambo asiiruke. Upande wa mashtaka ulidai kuwepo kwa njama ya mauaji ya kimbari kabla ya tarehe 7 Aprili 1994, na ukataja kugawiwa silaha raia na mafunzo ya makundi ya vijana. Mahakama haikutia hatiani kwa njama hiyo. Ilisema maandalizi yale yanaendana na mpango wa mauaji, lakini pia yangeweza kuelezwa kama maandalizi ya kugombea madaraka au ya vita. Wanaokana mauaji ya kimbari hupenda kuchomoa sentensi hiyo na kuitembeza, ilhali hukumu hiyohiyo iliwatia watu hatiani kwa mauaji ya kimbari yenyewe. Funzo lake kwa ulinzi wa mtaa ni la kiutendaji: raia waliopewa silaha bila daftari, bila kamanda anayejulikana na bila sheria inayowabana, hakuna anayeweza kueleza baadaye walipewa kwa ajili ya nini.

Kisichomo, na kinachokera

Hazina hii ina mapengo, na msomaji aingie akiyajua. Meja Protais Mpiranya, kamanda wa kikosi cha walinzi wa rais, hakufikishwa mahakamani. Mwaka 2022 ilithibitishwa kuwa alifariki Harare mwaka 2006. Kikosi chake kinatajwa mara nyingi sana katika kesi za wengine, lakini hukumu yake hutaipata. Mahakama pia ilikuwa na mamlaka juu ya uhalifu wote mkubwa uliofanyika Rwanda kuanzia 1 Januari hadi 31 Desemba 1994, lakini haikumshtaki yeyote wa upande wa RPF, kundi la waasi lililopigana na serikali ya wakati huo. Ukitaka kufundisha kwamba sheria ya vita ni kwa majeshi yote, mafaili haya yatakupa upande mmoja, na ni wajibu wako kulisema hilo darasani.

Mashahidi wengi wanatajwa kwa herufi, bila majina, na kurasa za vikao vya faragha zimeondolewa. Usilalamike. Watu hao bado wana majirani. Usijaribu pia kubahatisha shahidi fulani ni nani kwa kuunganisha kijiji na kazi yake. Kumfichua shahidi anayelindwa ni kosa linaloweza kukufikisha mahakamani wewe mwenyewe.

Lugha ni suala lingine, na hapo hatuna upole. Mashahidi wengi walizungumza Kinyarwanda, wakatafsiriwa kwa Kifaransa na Kiingereza, ambazo ndizo lugha rasmi. Mahakama ilikaa miongo miwili katika mji ambao kuanzia Kaloleni hadi Ngaramtoni watu wanaelewana kwa Kiswahili, katika kanda ambayo askari wa nchi kadhaa hupeana amri kwa Kiswahili. Hukumu inayofafanua kamanda ni nani ilipaswa kuwepo katika lugha ya kruti. Tafsiri ya mihtasari miwili tu, ya ICTR-98-41 na ICTR-00-56, pamoja na mihtasari ya rufaa zake, ingekuwa kijitabu chembamba. Vyuo vilivyo karibu, Makumira kwa sheria na Duluti kwa ukamanda na unadhimu, vina watu wa kuifanya kazi hiyo. Kwa sasa, mwalimu anapaswa kutafsiri mwenyewe. Tunashauri istilahi hizi: "udhibiti halisi", "uwajibikaji wa mkubwa", "hatua za lazima na za busara", "amri halali". Epuka kuandika "kamanda alihusika", maneno ambayo hayasemi aliamuru, alijua, au alinyamaza.

Vya kusoma pamoja

Nyaraka za Lakilaki zikisomwa peke yake zinaweza kumfanya Mtanzania aone kwamba hayo ni ya jirani. Weka pembeni Katiba yetu, Ibara ya 147. Inakataza mtu, chama au kikundi chochote kuunda jeshi isipokuwa Serikali. Inataja kazi ya jeshi kuwa ulinzi na usalama wa nchi na wananchi. Na inamzuia mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, ingawa haki ya kupiga kura anabaki nayo. Katazo hilo la chama lina historia. Mpaka mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, chama kilikuwa na matawi yake ndani ya jeshi.

Weka pia Januari 1964. Tarehe 20 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambi ya Colito, leo Lugalo, wakitaka mishahara mizuri na maofisa Waafrika. Madai yalieleweka, njia iliiacha serikali ikiwa mikononi mwa wenye bunduki, na tarehe 25 ikabidi majeshi ya Uingereza yaitwe kuwanyang'anya silaha. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likaundwa jeshi jipya, na jina lake lilitaja mwenye mali: Jeshi la Wananchi. Mkuu wake wa kwanza, Mirisho Sarakikya, ni mtu wa Meru.

Na kuna Mkataba wa Amani wa Arusha wa tarehe 4 Agosti 1993, ambao tunauona kama sura ya kwanza ya faili zima. Humo jeshi jipya la Rwanda lilipangiwa askari 13,000 na jandarmeri 6,000. Askari wa serikali asilimia 60, wa RPF asilimia 40, na nafasi za kamandi nusu kwa nusu. Miezi minane baadaye mkataba ulikuwa majivu. Mkataba wa Burundi, uliosainiwa hapahapa Arusha tarehe 28 Agosti 2000, uliweka sharti jingine: kabila moja lisizidi asilimia 50 ya jeshi. Kulinganisha mikataba hiyo miwili ni kazi nzuri ya nyumbani kwa kidato cha sita, kurasa mbili, kwa swali moja: ni hesabu ipi inayomlinda raia zaidi, ya vikosi au ya vyeo?

Jambo la mwisho ni la kiutendaji. Rwanda imekuwa ikiomba kumbukumbu hizi zihamishiwe kwake, na chombo kinachozitunza kiliundwa kuwa cha muda. Unachokihitaji kwa kufundishia, kipakue sasa. Kwa kila waraka, andika juu ya ukurasa wa kwanza namba ya kesi na herufi yake, tarehe uliyowekwa mahakamani, na namba za aya ulizotumia. Usinukuu kwa ukurasa: nakala ya Kiingereza na ya Kifaransa hazilingani kurasa, na mwanafunzi atakayefuata nyuma yako hatafika mahali ulipofika.